Malai na Beseni la Mchanga

Lahore, 24 Mei

Ndugu yangu mdogo Munawwar,

Salaam alaikum. Natumai umefika Maskati salama, na mwanao Sadaf anaubeba mwezi wake wa mwisho wa mimba bila tabu. Mimi sijambo, njiwa wangu hawajambo, na joto halijambo kabisa, lipo palepale ulipoliacha. Nakuandikia kwa simu lakini hii ni barua. Miaka thelathini na moja niliwaandikia watu maombi nje ya mahakama na sikuwahi kuanza ombi kwa "mambo vipi". Usinipigie. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto husikia likitaka.

Sasa tuje kwa huyo uliyeniachia. Munawwar, wewe ni mwalimu wa kuchora, unajua umbo. Ulimtazama yule paka siku unamnunua? Uso umebonyea kama aliyegongana na mlango, na mlango ndio ulioshinda. Jana panya alipita mbele yake pale chini. Unajua alifanya nini? Alijikunyata akampisha. Akampisha, Munawwar! Tena kwa adabu, kama anampisha mkwe. Babu yetu angeona hayo angekufa mara ya pili.

Ile karatasi uliyoibandika kabatini, "Mambo ya kuangalia kwa Malai", niliisoma mstari wa kwanza: "Kila asubuhi tazama mchanga wake." Nikaibandua. Nimeitandika chini ya yule njiwa jike wa kijivu, naye ameshatoa maoni yake juu yake.

Kwa kuwa amenenepa kama shemeji wa mtu tajiri, nimemweka kwenye mpango wa njiwa. Mashindano ya kurusha njiwa ni tarehe 9 Juni. Ndege wangu sasa wanakula lozi na wanakunywa kwa kipimo, mwili ukauke, wawe wepesi. Na paka vilevile: kibakuli cha maji asubuhi, kisha naondoa. Chakula ni kile kikavu cha mfuko, si zile supu za kuku ulizokuwa ukimchemshia kama mama mzazi. Nimemfungia chumbani kwako ghorofa ya chini asije huku juu kuwatia ndege wangu kiwewe. Tukionana utakuta paka. Uliniachia mto.

Wasalaam,
Kaka yako

*

Maskati, 27 Mei

Kaka Sharafat,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na jeshi lako la anga. Mimi mzima, ila nimeongezeka. Sadaf anasema tukisimama pamoja mlangoni mgeni hawezi kujua nani anakaribia kujifungua. Mkwe wangu alicheka, halafu akakumbuka mimi ni nani, akakohoa.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikikaa chini. Kaka, mrudishie maji. Huyo si njiwa, harushwi popote. Paka dume ana njia ya mkojo nyembamba kama mrija wa wino wa kalamu, na Malai mwaka juzi alishapata shida hiyo. Akinywa kidogo na kula vikavu, mkojo wake unakuwa mzito, unajaa chembechembe kama mchanga, mwisho zinaziba. Zile supu sikuwa namdekeza. Haya, nilikuwa namdekeza, lakini zilikuwa dawa pia.

Itoe ile karatasi chini ya jike wako. Kama haisomeki, nitakuandikia nyingine Sadaf akishajifungua. Kwa sasa natumwa sokoni mara tatu kwa siku, na mara zote tatu narudi na kitu kisicho sahihi.

Na huyo panya namjua. Ni mkubwa, nami humpisha.

Mdogo wako

*

Lahore, 7 Juni

Munawwar,

Salamu kwako, kwa Sadaf, na kwa huyo mkwe anayekohoa. Afya yangu ni ya kawaida kwa umri wangu. Ya paka wako nitaieleza, na usome hadi mwisho kabla hujaanza kulia.

Maji nilimrudishia nusu, kwa ajili yako tu. Sasa amefunga choo. Anaingia kwenye lile beseni la mchanga, anachuchumaa, mgongo umepinda kama upinde, anasukuma, anatoka. Hakuna kitu. Anakwenda hatua tatu, anarudi. Leo nimehesabu mara sita kati ya sala ya alfajiri na kifungua kinywa. Nilikuwepo kwa sababu choo kipo huko chini na ngazi zetu ni ngazi arubaini na nne. Mtu akishashuka hana haraka ya kupanda.

Nimempa isabgoli, yale maganda ya mbegu ya kulainisha choo, kwenye maziwa, kama mama alivyokuwa akitupa sisi tumbo likifunga. Akainusa, akanitazama kama karani wa mahakama anavyotazama ombi lisilo na stempu. Nimemmiminia mdomoni kwa nguvu.

Jeuri haijapungua. Amekojoa matone mawili kwenye vigae vya bafu na mengine ndani ya kapu lako la nguo safi, beseni likiwa hatua mbili kutoka hapo. Hayo ni matusi, na mimi matusi nayajua, nimeyaandika kwa lugha ya kisheria. Halafu anakaa katikati ya chumba, mguu juu, anajilamba kule kwenye aibu yake nusu saa nzima. Nikampigia kelele: "Huna haya, we kiumbe! Wenzio wanasali!" Hakugeuka.

Keshokutwa ni siku yangu. Miaka miwili kombe liko kwa Feroz mtengeneza fremu, mtu anayewapigia njiwa mluzi kama anamwita mwuza mtindi. Ndege saba, wanaruka alfajiri, wa mwisho kutua ndiye anayeamua. Na sheria unaijua: njiwa asiyetua mbele ya mwenyewe na muamuzi hahesabiwi, hata akitua na taji kichwani. Tangu alfajiri mpaka jioni sitashuka paani. Tangu asubuhi sijanywa maji, nisije nikasumbuliwa na ngazi.

Karatasi mpya usiandike. Tumbo ni tumbo.

Kaka yako

*

Lahore, 9 Juni, saa nne asubuhi

Munawwar,

Salaam. Hujanijibu siku mbili, nadhani Sadaf ameshikwa na uchungu. Mungu amfungulie kwa wepesi. Mimi niko kwenye benchi la zahanati ya wanyama, kati ya mwanamke mwenye kasuku na mbuzi asiye na mtu. Usiniulize kwa nini. Nitakueleza.

Niliwarusha ndege alfajiri. Saba, wakapanda kama mtu mmoja. Muamuzi akaandika. Jua halijawaka vizuri nikalazimika kushuka kwa shughuli zangu, nikamwambia muamuzi dakika tano. Zikawa nyingi zaidi, si kazi yako. Nilipotoka nikasikia sauti chumbani kwako. Si mlio wa paka mwenye njaa. Ulikuwa wa chini, mrefu, kama mtu anayejizuia watu wasisikie.

Alikuwa kwenye beseni. Nikasimama mlangoni nikamtazama, na Munawwar, nikajua. Mtu aliyefunga choo husukuma kwa hasira. Yule alikuwa anasukuma kwa hofu. Anasukuma, anangoja, anasikiliza. Anajifanya amemaliza. Anatoka, anafukia mchanga mkavu kana kwamba kuna kitu cha kufukia, kwa ajili ya heshima tu. Hatua tatu, kinambana tena, anarudi mbio. Hapo kabla palikuwa na matone. Safari hii hakuna hata tone. Mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Nikauchambua kwa mkono wangu, mimi, Sharafat.

Nikapanda ngazi zote zile, nikamwinua jike wa kijivu, nikaivuta karatasi yako. Nusu imeliwa na samadi. Lakini mstari wa mwisho ulisomeka, uliupigia mistari miwili: "Asipotoa hata tone, ni siku hiyohiyo. Usingoje kesho. Usimkande tumbo mwenyewe." Nikasoma na ile ya juu yake: anakwenda mara nyingi, anajilamba, anakojoa pasipo pahala pake, analia. Ulikuwa umeandika yote niliyoyaita jeuri. Kwa nini uliyaweka chini ya mstari wa kijinga kuhusu mchanga? Hujui kuandika ombi. Jambo kubwa huanza juu!

Nikashuka tena, nikamtia kwenye foronya yako, kichwa nje, nikatoka barabarani. Feroz akaniona kutoka paani kwake.

"Sharafat! Unakwenda wapi na mto? Ndege wako wako juu!"

"Nampeleka mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Mwenye sharubu ndefu kuliko zako."

Muamuzi akainama ukingoni mwa paa langu, akafunga daftari. "Mzee, ukiondoka hapa hawahesabiwi hata wakirudi kesho."

Nikamwambia: "Andika basi. Sharafat aliondoka akiwa na ndege saba juu. Andika vizuri, nisikute umekosea jina."

Daktari hapa ni binti mdogo aitwaye Anbreen, miwani mikubwa kuliko elimu yake. Nikadhani ndiye wa kuuza tiketi. Akamgusa tumbo kwa vidole viwili, uso ukabadilika.

"Kibofu kimejaa, kigumu kama limau bichi. Ametapika?"

"Hapana."

"Basi umewahi. Kutapika kunakuja sumu ikishapanda kwenye damu. Mzee, umejuaje si tumbo? Karibu kila mtu huniambia paka amefunga choo. Wanampa mafuta, wanampa maziwa, wananiletea siku ya tatu akiwa baridi."

Nikamwambia nina macho.

"Wote wana macho," akasema. Jibu la ovyo kumpa mtu mzima. Wamemchoma sindano ya usingizi, watampitishia mpira mwembamba. Nimeambiwa ningoje. Mbuzi ananitazama.

Kaka yako

*

Maskati, 9 Juni, jioni

Kaka,

Shikamoo, na habari njema kwanza: Sadaf amejifungua msichana saa saba mchana, wote wazima. Mimi nilizimia kidogo kwenye ukumbi wa hospitali, manesi wakanihudumia kabla ya mkwe wangu kuuliza habari za mkewe. Ndiyo babu niliye.

Barua zako mbili nimezisoma sasa hivi kwa mpigo. Ya tarehe 7 ilinikata miguu, ya leo ikanirudishia mmoja. Mara ya kwanza Malai alipougua nami nilimpa mafuta ya samli siku nzima, nikidhani tumbo. Ndipo nilipoandika ile karatasi, nikaibandika kabatini, nikajiona mwerevu. Ningekuandikia nyingine siku ileile ulipokataa ya kwanza. Nilikuwa sokoni natafuta malimau, nikaleta machungwa.

Yuko hai? Niambie hata kwa neno moja. Nitalisamehe lisipokuwa na salaam.

Mdogo wako

*

Lahore, 13 Juni

Munawwar, babu mpya,

Salaam, na hongera. Mjukuu apewe maisha marefu na akili za upande wa mama yake. Barua isiyo na salaam siandiki, hata paka awe anakata roho, na hakati. Yuko hai.

Mpira ulikaa siku tatu. Jana wameutoa, wakangoja, naye akakojoa mpaka mchanga ukaganda donge kubwa kwenye beseni mbele ya daktari na wasaidizi wawili. Watu wazima watatu wakapiga makofi. Kwa mkojo! Nami nilikuwepo, nikatazama pembeni ili nisihusishwe.

Binti Anbreen amenipa hotuba. Maji mabakuli matatu, kila moja chumba chake. Supu irudi. Beseni lisafishwe kila siku na mchanga utazamwe, madonge yahesabiwe. Asifungiwe, kwa kuwa woga na upweke nao huchokoza kibofu. Nikamuuliza kama nimtengenezee na kiti cha enzi. Akasema, "Ukipata, mzee, si vibaya." Kizazi hiki hakijui kutukanwa.

Basi mlango uko wazi. Jana jioni akapanda ngazi zote, moja moja, akihema kama wewe, akatokea paani. Njiwa thelathini wakamgeukia. Nikashika fimbo. Akawatazama, akajikunyata ukutani, akawapisha.

Feroz amechukua kombe. Wake wa mwisho alitua saa kumi na moja na nusu jioni. Jike wangu wa kijivu alitua saa kumi na mbili na dakika ishirini, kwenye paa tupu. Muamuzi alimwona kutoka kwa Feroz, akaniambia mwenyewe, "Nimemwona, lakini sikumwona." Nikamjibu huo ndio ufundi wake wa siku zote. Mtengeneza fremu ameliweka kombe kwenye fremu. Kombe, kwenye fremu! Na tunaishi mtaa mmoja na watu hawa.

Kaka yako

*

Maskati, 17 Juni

Kaka yangu Sharafat,

Salaam nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa mjukuu wako Mahrukh, ambaye ana sauti ya muadhini na kichwa changu, yaani hana nywele. Sisi wazima. Kuhusu njiwa wa kijivu, naliona deni langu na sina cha kulilipia, kwa hiyo nitalizungumza vizuri kila mahali.

Nimekuwa nikizirudia barua zako, maana huku kazi yangu ni kumshika mtoto akilala, na mkono mmoja unabaki bure. Kaka, ile ya kwenye benchi umeieleza vizuri mno.

Mimi nimeishi na Malai miaka sita. Nimemwona akisukuma. Sikuwahi kuona kwamba anasikiliza. Sikujua kwamba anajifanya amemaliza, kwa ajili ya heshima. Daktari alikuuliza umejuaje, ukamwambia una macho. Mimi macho yako nayajua, kaka. Hayakuniona nikianguka kutoka paa lile nikiwa na miaka tisa, kwa sababu yalikuwa angani.

Umehesabu ngazi. Nyumba tumezaliwa humo, na hukuwahi kuzihesabu mpaka mwaka huu. Uliacha kunywa maji siku mbili kabla ya mashindano, katika joto hilo, usije ukasumbuliwa. Ulishuka dakika tano "zikawa nyingi zaidi". Na Ramadhani iliyopita, ulipokuwa ukikaa chooni mpaka chai inapoa, nilikutania kwamba unaandika rufaa humo ndani. Ulinirushia kandambili. Nilicheka wiki nzima, na mimi ndiye mwenye karatasi ya mambo ya kuangalia!

Basi hii hapa nyingine, na safari hii jambo kubwa liko juu: usingoje kesho. Unakwenda mara ngapi? Mkojo unatoka kwa mkondo au kwa matone? Unatoka, unakwenda hatua tatu, unarudi? Kuna damu? Mgongo unauma? Ukiniambia ni umri, nitakwambia nawe ulisema tumbo ni tumbo.

Hutaki kwenda hospitali ya watu, nenda hata kwa Anbreen. Ukae kati ya kasuku na mbuzi.

Ukinijibu kwa matusi nitajua ni kweli. Usiponijibu nitajua zaidi.

Mdogo wako

*

Maskati, 23 Juni

Kaka,

Salaam. Hujambo? Siku sita sasa. Nimepiga simu, haipatikani. Nitukane basi.

Mdogo wako

*

Maskati, 30 Juni

Kaka,

Salaam. Feroz ameniandikia kwamba hakuoni paani, na kwamba anawalisha njiwa wako na kumwekea paka maji, mabakuli matatu, kwa maagizo yako ya maandishi, kurasa mbili. Hataki kuniambia uko wapi. Anasema ulimwapisha. Nimekata tiketi ya tarehe 10.

Mdogo wako

*

Lahore, 6 Julai

Munawwar,

Salaam alaikum. Natumai Mahrukh anakua na sauti yake inapungua. Tiketi usiibadilishe, ila usije mbio kama mtu wa maziko. Utaanguka, huna umbo la mbio.

Barua yako ya tarehe 17 ni ya kijinga, haina mpangilio, na umenidhalilisha kwa kunilinganisha na mnyama anayeogopa panya. Niliisoma, nikaizima simu. Siku ya nne nikaenda kuchuchumaa kwa mara ya tisa kabla ya adhuhuri, nikasikia kitu mlangoni. Nikafungua. Paka wako alikuwa ameketi hapo, masikio mbele, ananitazama na ule uso wa kugonga mlango. Nikasimama, nikajifanya nimemaliza. Nikatoka, hatua tatu. Kikanibana. Nikageuka. Hakuwa ameondoka. Alijua nitarudi, yule mshenzi.

Siku ileile nikaenda. Nilimwapisha Feroz kwa sababu mtu akijua siri yako ya chini, heri awe adui, atajitahidi asionekane mdogo.

Hospitali ya watu, Munawwar, ni zahanati ya wanyama bila adabu. Daktari akanigusa tumbo kwa vidole viwili, uso ukabadilika kama wa binti Anbreen. "Mzee, tezi dume imevimba imebana njia. Kibofu kimejaa hivi, na figo zimeanza kuchoka. Umekaa na hali hii muda gani?" Nikamwambia miaka miwili. "Na hukumwambia mtu?" Nikamwambia nilidhani ni jeuri. Akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa.

Wamenitia mpira. Nimetembea nao siku kumi na nne, mfuko chini ya shuka kama njiwa aliyefungwa kamba mguuni, nikinywa dawa za kulegeza hiyo tezi. Nikiwa na mpira huo nilimheshimu paka wako kwa mara ya kwanza, kwa sababu yeye aliuvaa siku tatu na hakumtukana mtu. Usimwambie.

Jana asubuhi wameutoa, nikapitisha kidogo, wakaniruhusu. Wakasema: leo nyumbani, unywe maji, kesho asubuhi tusikie. Kisipotoka, unarudi kwa kisu.

Nimekunywa kutoka mabakuli yote matatu. Yalikuwa karibu. Leo nimeshuka ngazi arubaini na nne, nikaingia, nikaacha mlango wazi, nyumba haina mtu wa kunicheka ila wewe na uko ng'ambo. Yeye akafuata, akaketi kwenye kizingiti, mkia umeuzunguka mguu, kama anayefungua daftari. Nikamwambia, "Huna kazi?" Hakuwa nayo. Tukangoja, Munawwar. Nilingoja kama ninavyongoja yule wa kijivu, jua likishakuwa jekundu na anga tupu, na wote wameshakunja mikeka yao.

Kimeshuka kwa mkondo mmoja, mrefu, bila kusukumwa.

Nitakwenda kuwaambia hospitali mwenyewe, wao hawakuwepo. Wewe andika kwako: tarehe 6 Julai, saa moja na dakika kumi asubuhi, na muamuzi alikuwa mlangoni. Hiyo inahesabiwa.

Kaka yako